Muziki wa mashine una baba wangapi?

Swali kutoka kwa msomaji wa Busia, upande wa Uganda: "Mzee, mimi ni DJ wa harusi na disko matanga. Nilipokwenda tamasha la Nyege Nyege kule Jinja, nilisimama mbele ya spika tangu saa sita usiku hadi kukapambazuka. Kuimba kulikuwa kwa nadra, ni mdundo tu, mwingine wa pole, mwingine wa kasi ya kutisha. Niliporudi nyumbani baba akasema hiyo ni kelele ya Wazungu. Rafiki yangu naye akasema ngoma ni ya Afrika, kwa hiyo hayo yote ni yetu tangu zamani. Nani anasema kweli? Hizi hausi, tekno, singeli na wenzake zilitoka wapi, na sisi Uganda tumetia nini humo?"

Mwanangu, baba yako amekosea, na rafiki yako pia amekosea, ila kila mmoja ameshika kipande cha kweli. Wote wawili wanatafuta rangi ya muziki. Mimi nakushauri utafute njia yake: nani alimkabidhi nani, kwa kanda ipi, kwenye ukumbi upi, na kwa nini bendi haikuwepo. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Aina nyingi za muziki unaousema zilizaliwa pale watu walipotaka kucheza usiku kucha na hawakuwa na hela ya kulipa wapiga ala. Mashine iliitwa kuziba pengo, kisha ikagoma kuondoka.

Kabla ya safari tuelewane kuhusu neno. Dar es Salaam wakisema fulani ni msanii wa andagraundi, wanamaanisha hajatoka bado, anasubiri bahati. Kwenye muziki huu andagraundi ni kitu kingine. Ni muziki unaoishi chini kwa chini kwa hiari yake: hauna haja na redio wala video, unataka chumba chenye giza, spika nzito na watu waliokuja kucheza. Aliyeutengeneza mara nyingi sura yake haijulikani, na hajali.

Nami nikiri jambo. Miaka ya 1990 nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda Kampala, mwendo mfupi kutoka paki ya teksi. Nilikuwa na deki mbili, feni moja, na kalamu ya Bic ya kuzungushia kanda zilizolegea. Wateja walitaka Lingala, regge, na nyimbo za Kiganda. Siku moja kijana mmoja akaniletea kanda isiyo na jina kutoka Nairobi, niinakili. Nikaiweka. Ngoma ikaanza: du, du, du, du. Nikangoja gitaa, halikuja. Nikangoja mwimbaji, hakuja. Dakika ya nne nikaizima, nikamwambia, "Ndugu, kanda yako mbovu, imekwama." Alinicheka mpaka akakaa chini. Ile ilikuwa hausi ya Chicago, nakala ya nakala ya nakala, imejaa mvumo kama wa kukaanga samaki.

Basi tuanzie hapohapo Chicago. Disko ilikuwa imetawala Marekani miaka ya 1970, na mwaka 1977 Donna Summer na mtengenezaji Giorgio Moroder walitoa "I Feel Love", wimbo ambao karibu kila kitu ndani yake, ukiacha sauti ya mwimbaji, kilitoka kwenye sinthesaiza, yaani mashine inayounda sauti kwa umeme. Mwaka huohuo DJ kijana wa New York, Frankie Knuckles, alihamia Chicago kupiga muziki kwenye klabu iliyoitwa Warehouse, yaani ghala. Waliokuja pale wengi wao walikuwa Wamarekani Weusi na Walatino, na wengi walikuwa wapenzi wa jinsia moja, watu waliofungiwa milango kwingine. Najua wapo watakaokunja uso wakisoma sentensi hiyo hapa kwetu. Umeniuliza asili, na asili ndiyo hiyo. Siwezi kuifua ili ipendeze.

Tarehe 12 Julai 1979, kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park mjini humohumo, mtangazaji mmoja wa redio alilipua lundo la santuri za disko kati ya mechi mbili. Maelfu wakavamia uwanja, na mechi ya pili haikuchezwa. Wengi waliuona kama mzaha wa vijana wapenda roki, lakini waliokuwa wakiicheza disko walielewa ujumbe. Baada ya hapo kampuni kubwa zikaanza kuikimbia disko. Sasa fikiria wewe ni DJ, ukumbi umejaa kila Jumamosi, na santuri mpya za kuchezwa zimepungua. Utafanyaje? Knuckles alichukua utepe wa rekoda kubwa, akaukata kwa wembe na kuuunga upya kwa gundi, akirefusha zile sehemu ambazo watu hupagawa. Baadaye akaongeza mashine ya ngoma chini ya wimbo ili pigo lisitetereke. Vijana waliomsikia wakaona: kumbe tunaweza kuanza na mashine yenyewe, tukauacha wimbo. Mwaka 1984 Jesse Saunders akatoa "On and On", ambayo wengi huihesabu kuwa santuri ya kwanza ya hausi. Jina lenyewe, kwa simulizi iliyozoeleka, ni mkia wa lile neno Warehouse.

Utaitambua hausi kwa ngoma kubwa inayopiga kila pigo bila kuruka, mapigo kama 120 hadi 130 kwa dakika. Ngoma hiyo mafundi huiita kiki, wala si ile kiki ya magazeti ya udaku.

Kuna kisa kimoja cha mashine ninachokipenda kuliko vyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitengeneza kijisanduku cha rangi ya fedha, TB-303, kimsaidie mwanamuziki asiye na mpiga gitaa la bezi. Kilishindwa vibaya. Sauti yake haikufanana na gitaa lolote duniani, na kukipangia noti kulikuwa adhabu. Kikaishia kuuzwa kama mitumba. Vijana wa kundi la Phuture, Chicago, wakakipata, na badala ya kukipangia wimbo wakaanza kuzungusha vifundo vyake huku kinacheza. Kikalia, kikapiga mluzi, kikabwabwaja kama chura aliyemeza redio. Wakairekodi, na mwaka 1987 ikatoka kwa jina "Acid Tracks". Tawi zima la hausi, lile la esidi, limeota kwenye chombo ambacho waliokibuni hawakukusudia kilie hivyo.

Detroit ni mji wa viwanda vya magari, na wakati huo viwanda vilikuwa vikipunguza watu. Vijana watatu Weusi waliosoma pamoja kitongoji cha Belleville, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walikuwa wakisikiliza redioni fanki ya kwao ikichanganywa na Kraftwerk, kundi la Wajerumani wa Düsseldorf waliopiga muziki kama roboti waliovaa tai. Kutokana na mchanganyiko huo ikatoka tekno: kavu zaidi, yenye mawazo ya mbali, isiyobembeleza. Mwaka 1988 kampuni moja Uingereza ilitoa mkusanyo wa kazi zao ukiwa na neno hilo kwenye jalada, na jina likaganda. Hapo ndipo baba yako ana robo yake ya ukweli. Mjerumani yumo kwenye damu ya tekno, na ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989 majengo matupu ya mashariki yakawa kumbi, hata leo wengi hudhani tekno ilizaliwa huko. Ililelewa huko. Ilizaliwa kwa vijana Weusi wa Detroit.

Ila ukiniuliza ni kisiwa gani kimepewa heshima kidogo kuliko inavyostahili, nitakujibu Jamaika. Kingston kulikuwa na fundi wa redio na amplifaya, Osbourne Ruddock, watu walimwita King Tubby. Miaka ya 1970, mbele ya meza yake ya kuchanganyia sauti, alichukua wimbo uliokwisha kurekodiwa, akaondoa sauti ya mwimbaji, akabakiza ngoma na bezi, kisha akairudisha sauti kwa vipande, ikiwa na mwangwi kama mtu anayeita kutoka kisimani. Huo ndio dabu. Kila unaposikia leo toleo jipya la wimbo uleule, remiksi kama wasemavyo, mkono wa fundi redio yule umo. Na Mjamaika mwingine, Kool Herc, mzaliwa wa Kingston aliyehamia New York, ndiye aliyepiga muziki kwenye ile sherehe ya tarehe 11 Agosti 1973 mtaa wa Bronx ambayo watu wa hip hop huiita siku yao ya kuzaliwa.

Watoto wa wahamiaji wa Jamaika walipokua London, wakakutana na hausi na tekno zilizovuka bahari, wakazipa bezi ya kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikatoka jango, yaani msitu kwa lugha yao: ngoma zinazokatwakatwa kwa mapigo 160 na zaidi kwa dakika, huku bezi chini inatembea polepole kama tembo. Kutoka ukoo huo, miaka kumi baadaye, vijana wa Croydon, kusini mwa London, wakatoa dabstepu. Uholanzi, pale Rotterdam, wakatoa gaba, ambayo ni kiki iliyopigwa kama nyundo ya fundi mabati. Sina mengi ya kuisemea zaidi ya kwamba inachosha masikio yangu.

Nyingi za ngoma za jango zilinyofolewa kwenye santuri moja, "Amen, Brother" ya bendi ya The Winstons, mwaka 1969. Katikati ya wimbo bendi inanyamaza na mpiga ngoma Gregory Coleman anabaki peke yake kwa sekunde zisizozidi saba. Sekunde hizo zimenakiliwa kwenye nyimbo maelfu. Coleman alifariki mwaka 2006, hana makazi, na hakupata senti ya hakimiliki. Kiweke kisa hiki mfukoni, nitakirudia.

Sasa rafiki yako. Anasema ngoma ni ya Afrika, basi yote ni yetu. Nimesikia hoja hii hata kwa watu wenye shahada. Inaanzia mahali pazuri, kwa sababu kuna mambo kwetu yanafanana na tekno kiasi cha kushangaza. Chukua amadinda ya Buganda, ile marimba ya mbao kumi na mbili zilizolazwa juu ya vigogo vya migomba. Wapigaji ni watatu. Wa kwanza anapiga noti zake kwa nafasi sawasawa, bila kuyumba. Wa pili, aliyeketi upande wa pili wa mbao zilezile, anapenyeza zake katikati kabisa ya zile za mwenzake, moja hapa moja pale, kwa hiyo kasi inakuwa maradufu na hakuna aliyeharakisha. Wa tatu anachukua mbao mbili tu za mwisho, zile fupi, akirudia juu kile kinachotokea kwenye noti mbili za chini. Ukikaa karibu utaanza kusikia nyimbo ndogo ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga. Sikio lako ndilo linalozishona. Watayarishaji wa tekno hukesha na kompyuta wakitafuta athari hiyohiyo.

Lakini kufanana ni jambo moja na kuzaa ni jambo jingine. Hakuna mpiga amadinda aliyempelekea kijana wa Detroit kanda. Wapigaji wa ikulu walitawanyika jeshi la serikali liliposhambulia Lubiri, ikulu ya Kabaka wa Buganda, mwaka 1966, ala zikateketea, na wachache waliobaki walikuwa na kazi ya kuifundisha upya kwa watoto wao. Uhusiano wa Afrika na muziki ule wa Marekani upo, ila ni wa mbali na wenye uchungu: ulipita kwenye meli za watumwa, makanisani, kwenye bluzi na fanki, kwa karne kadhaa hadi kufika kwenye mashine. Mwambie rafiki yako ana babu mle ndani. Baba ni suala jingine.

Ambapo sisi ni baba kabisa, tena kwa cheti, ni Gulu, kaskazini mwa Uganda.

Larakaraka ni ngoma ya Waacholi, ya vijana kuchumbiana na ya harusi. Wachezaji hushika kibuyu kilichokatwa nusu, wakakipiga kwa kishada cha spoku za baiskeli. Simama karibu usikilize: ni "cha" kavu yenye chuma ndani, na vibuyu ishirini vikilia pamoja ni kama mvua ya mawe juu ya bati. Sasa weka hiyo kwenye kumbukumbu, halafu usikilize matoazi ya mashine kwenye rekodi za Kiacholi za kompyuta. Utaona hawakuiga matoazi ya Chicago. Walitafuta kwenye programu sauti inayokaribia spoku.

Ilikuwaje? Vita vya kaskazini vilianza miaka ya 1980 na kusumbua hadi karibu mwaka 2006. Watu wakasongamanishwa kambini, ng'ombe wakaisha, mahari yenyewe ikawa mtihani. Kundi kamili la larakaraka ni watu wengi wa kuwalisha na kuwasafirisha. Lakini harusi haikomi kwa sababu ya vita. Mtayarishaji Leo Palayeng akaipanga ngoma ile ndani ya kompyuta, mwimbaji wa harusi Otim Alpha akaimba juu yake kwa mtindo uleule wa kuitikiana, na watu wawili na spika wakafanya kazi ya kijiji kizima. Nyimbo hizo zilichezwa kwenye harusi kwa miaka kadhaa kabla dunia haijazijua. Mwaka 2017 zikakusanywa kwenye albamu "Gulu City Anthems" na watu wa Ulaya wakauliza huyu fundi wa tekno ametokea wapi. Alitokea harusini. Umeona inavyolingana na Chicago? Ni upungufu uleule, na utepe na wembe vimegeuka kompyuta.

Majirani nao wana vyao, nitavipitia haraka. Kinshasa, kundi la Konono N°1 lilitia umeme kwenye likembe, ile ala ndogo ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, kwa maikrofoni walizojitengenezea kwa sumaku za vyuma vya magari chakavu, na muungurumo wa vipaza sauti vibovu ukawa sehemu ya wimbo. Afrika Kusini walipunguza kasi ya hausi wakapata kwaito, kisha Durban wakatoa gqom, kisha vitongoji vya Gauteng wakatoa amapiano, hiyo unayoipiga kila wiki. Dar es Salaam walifanya kinyume: mchiriku wa kinanda kidogo cha Casio na vipande vya taarabu vikapandishwa kasi kwenye mikesha ya vigodoro, zile sherehe za mtaani, ikawa singeli, mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Ile kasi iliyokutisha Jinja nadhani ndiyo hiyo. Mkusanyo wa "Sounds of Sisso" kutoka studio ya Mburahati ulitoka mwaka 2017, na lebo iliyoutoa ni ya Kampala.

Hapo ndipo mchango wetu wa pili ulipo: Uganda imekuwa njia panda. Tamasha la Nyege Nyege lilianza mwaka 2015, lebo yake ikafuata mwaka uliofuata. Sisi wasema Kiswahili tulipolisikia jina tulikohoa kidogo. Kwa Kiganda wenyewe hulifasiri kuwa ile hamu ya ghafla inayokushika miguu ukacheza, na kwa Kiswahili, basi, muulize mtu mzima. Mwaka 2018 waziri wa maadili alitaka kulipiga marufuku, na 2022 Bunge likalizungumzia tena kwa hasira. Likafanyika miaka yote miwili. Wapo waliokulia kwenye mazingira hayo na ambao ningependa uwasikilize kwa utulivu: Nihiloxica, wapiga ngoma za Kiganda na Waingereza wawili wa mashine, walioiita albamu yao ya mwaka 2020 "Kaloli", kwa jina la wale korongo wa majalala ya Kampala, MC Yallah, anayerapu kwa Kiganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza bila kupumua, na Afrorack, yaani Brian Bamanya, aliyejiundia sinthesaiza yake mwenyewe kwa vipuri kwa sababu za dukani bei yake ni ya gari. Huyo wa mwisho namheshimu kwa namna ya pekee. Wengine walikuta mashine, yeye aliiunganisha nyaya kwa nyaya.

Sasa wewe, mwenye spika na jenereta Busia, huna haja ya kuhamia Berlin. Mbale iko jirani. Kila mwaka unaogawika kwa mbili, mwezi wa Agosti, Wagisu hufungua msimu wa imbalu, ile tohara ya vijana, pale uwanja wa Mutoto, na ngoma za kadodi hupigwa barabarani siku nzima. Kasi yake inapatana vizuri na hausi. Nimejaribu kuzilaza pamoja na hazikugombana. Nenda ukarekodi. Lakini kabla hujabonyeza kitufe, zungumza na mkubwa wa kundi, mlipe, andika majina ya wapigaji wote kwenye daftari, na wimbo ukitoka majina hayo yatoke nao. Hapo ndipo Gregory Coleman anapoingia.

Na simu yako usiisogeze karibu na ngoma kubwa. Simama hatua kumi, upande ambao upepo unatoka nyuma yako, ufunike maikrofoni kwa kitambaa chepesi. Ukisimama karibu zaidi bezi itapasuka, na hakuna programu itakayoirudisha.